Rauta ya faiba iwake saa 4 baada ya stima kupotea: nichukue UPS ya ukubwa gani?

MkaaziKahawaWest

Wadau, salaam. Naomba ushauri kabla sijashuka kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi. Rauta yangu ni ya faiba, chini imeandikwa 12V 1.5A. Stima ikipotea nataka intaneti iendelee saa 4 mfululizo, kwa sababu mikutano ya kazi ni ya video. Nimeona kuna UPS ndogo (betri za akiba) za kukaa kati ya adapta na rauta: moja 8800 mAh (kipimo cha chaji ya betri), nyingine 10400, na kuna iliyoandikwa tu kwamba inakaa saa 8. Ipi itanifikisha? Au pawabanki ya 20000 mAh pamoja na ule waya wa kupandisha volti hadi 12 inatosha?

FundiVolti

Anza na wati, mAh ziache kwanza. 12V mara 1.5A ni wati 18, ila huo ni uwezo wa juu wa adapta, si kile rauta inachokula. Rauta nyingi za nyumbani hula wati 6 hadi 10. Tuchukue 9.

Wati 9 kwa saa 4 ni saa-wati (Wh) 36. Saketi ya kupandisha volti hupoteza karibu asilimia 18 kama joto, kwa hiyo gawanya kwa 0.82 upate 44. Betri nayo huchakaa. Ukitaka zile saa 4 ziwepo hata baada ya kupungukiwa na moja ya tano, gawanya tena kwa 0.8: saa-wati 55. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Sasa mAh. Zile za kwenye kibandiko huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, wala si kwa 12 za rauta, na hapa ndipo wengi hupotea. 8800 mAh ni saa-wati 32.6, yaani takriban saa 3 ikiwa mpya. 10400 ni 38.5, saa 3 na nusu. Kufikia 55 unahitaji karibu 15000 mAh. Kwa kawaida ni seli 6 za 18650 (zile za lithiamu zenye umbo la duara refu), kila moja 2600 mAh, jumla 15600. Seli moja ina gramu 45 hivi, sita ni 270 kabla hujahesabu plastiki na saketi. Ukipewa kiboksi kilichoandikwa 15600 kikiwa na gramu 200, kirudishe kwa kaunta. Hakuna seli za kawaida zinazoweza kubeba nguvu hiyo kwa uzito huo. Ile ya "saa 8" bila mAh wala Wh usiiguse kabisa.

Jambo la pili ni adapta. UPS hizi hulishwa na adapta ileile ya rauta. Stima ikirudi, adapta inalisha rauta na kuchaji betri kwa wakati mmoja. Adapta ya 1.5A ikilemewa, volti zinashuka na rauta inazima na kuwaka, halafu mtu analaumu UPS. Nunua adapta ya 12V 3A, ile ya zamani uiweke akiba. Lakini soma kibandiko cha UPS kwanza: nyingine zimeandikwa mwisho 2A kwa upande wa kuingiza.

PiniNaWaya

Fundi amemaliza hesabu, naongeza pini. Plagi ya duara ya rauta huja kwa vipimo viwili vinavyofanana kwa macho: 5.5×2.1 na 5.5×2.5, milimita. Namba ya pili ni tundu la katikati. Plagi ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5, hilo utaligundua mara moja. Kinyume chake ndicho hatari: plagi ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 lakini inalegea, na ukigusa meza tu rauta inajizima. Ichomeke na uitikise kidogo. Ikicheza, tafuta waya mwingine.

Angalia pia mchoro wa duara wenye + na −. Ule mstari wa katikati lazima uelekee + pande zote mbili. Na UPS yenye matundu ya 5V, 9V na 12V, bandika karatasi juu ya yale usiyotumia. Pale penye POE (tundu la kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao) pana volti 15 au 24, na hizo zinaweza kuchoma rauta.

Kuhusu pawabanki, mimi singeitegemea kwa mikutano. Tundu la kawaida la USB la 5V 2.4A lina wati 12. Baada ya kupandishwa unabaki na karibu 10, na rauta ikivuta zaidi wakati wa kuwaka, inarudi mwanzo. Ukitumia tundu la PD (la USB-C la kuchaji kwa kasi), kumbuka ngazi zake za kawaida ni volti 5, 9, 15 na 20. 12 ni hiari ya mtengenezaji, kwa hiyo waya unaoomba 12 unaweza kupewa 9. Tena pawabanki nyingi hukata umeme kwa sekunde moja zikihama kutoka kuchajiwa hadi kulisha. Hiyo sekunde moja inakugharimu dakika kadhaa za rauta kujisajili upya.

MwangaWaFaiba

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha shida iko kwako. Faiba ya GPON (mfumo wa kugawa mwanga wa waya mmoja kwa nyumba nyingi) haihitaji umeme njiani, kigawanyio cha mwanga hakina betri wala stima. Kampuni ikiwa na jenereta kwake, mawimbi yanakufikia hata mtaa mzima ukiwa giza. Ila kuna ploti ambazo faiba inaishia chini, kwenye swichi, halafu nyumba zinapata waya wa shaba. Swichi hiyo ikizima, UPS yako italisha rauta isiyo na intaneti.

Fuata waya ulioingia nyumbani. Mwembamba wenye kichwa cha kijani au bluu ni faiba. Wenye kichwa cha plastiki angavu na pini 8 unatoka kwenye swichi, na hapo zungumza na mwenye ploti aiwekee swichi UPS yake.

MkaaziKahawaWest

Asanteni sana. Kichwa ni cha kijani. Swali la mwisho: nina kile kilinzi cha friji kinachochelewesha stima ikirudi. Naweza kuchomeka adapta hapo?

FundiVolti

Chomeka. Bila UPS ungekaa dakika kadhaa gizani ukisubiri kifungue. Sasa betri inaziba pengo hilo, na adapta inakwepa mruko wa volti stima inaporudi. UPS iweke kando ya rauta, usiilaze juu yake, kwa sababu joto la rauta ndilo linalozeesha seli haraka. Ukiona kiboksi kimevimba, chomoa na usikitupe kwa taka za nyumbani. Peleka WEEE Centre, wanaopokea taka za elektroniki.