Tupeane uzoefu: ulianzaje kuzungumza na vijana kuhusu saikolojia na afya ya akili?

Mwalimu wa Biolojia, Dodoma

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha shule ya sekondari, na kwa miaka sita sasa nimekabidhiwa pia kazi ya malezi na unasihi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza mtu akiwa na umri wa miaka 14 au chini yake, yaani wakati yupo darasani mbele yetu. Hata hivyo, hapa kwetu ukitaja ugonjwa wa akili watoto huwaza Mirembe tu, hospitali ya magonjwa ya akili, na mazungumzo hufia hapo.

Mwaka wa kwanza niliwaandikia ubaoni maana ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, dalili zake na tiba yake. Walinakili kwa utulivu, wala hakuna aliyeuliza swali. Mwaka uliofuata nilianza na mapigo ya moyo. Niliwaomba wanafunzi wa kidato cha pili waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa nusu dakika, kisha nikatangaza jaribio la kushtukiza na kuwataka wahesabu tena. Msichana mmoja aliyekuwa amepata 38 sasa alipata 52, akahesabu mara ya tatu bila kuambiwa. Niliwatoa hofu papo hapo kwamba jaribio halikuwapo, ndipo nikawaeleza jinsi ubongo unavyohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo zikamwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na tumbo likasokota, iwe kilicho mbele yako ni chui au ni karatasi ya mtihani.

Siku ile maswali yalizidi muda wa kipindi. Mvulana mmoja alisubiri wenzake watoke, akaniuliza kama inawezekana moyo kwenda hivyo usiku, pasipo mtihani wowote, kila baba anapokaribia mlango.

Ninaamini kwamba kijana akishajua kuwa linalompata lina jina na lina sababu, huacha kujiona mwenye kasoro. Nawaomba mtueleze ninyi mlianzia wapi.

Mama wa watatu, Mombasa

Ahsante, Mwalimu. Kwetu neno lililotuponza ni "jikaze". Mume wangu alipofariki, kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 15, na kila aliyekuja matangani alimshika bega akamwambia ajikaze kwa kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Nami nilimwambia vivyo hivyo, na bado naumia nikikumbuka. Alijikaza kweli, tukamsifu, mpaka ilipopita miezi mitatu akaacha mpira, akaacha kula na wadogo zake, na akawa analala mchana kutwa siku za mapumziko.

Mshauri nasaha tuliyempata hakuanza na habari za ugonjwa. Alimpa karatasi, akamwomba aandike majina ya watu anaoweza kuwaendea hata usiku wa manane. Mwanangu alikaa muda mrefu, akaandika jina moja tu, la mjomba wake aliyeko Lamu. Mshauri akasema mmoja anatosha kuanzia, na jioni ile ile tukampigia simu mjomba.

Mwanafunzi wa saikolojia, Nairobi

Mama, pole sana kwa msiba. Karatasi ile ina msingi wake. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko ya nyumbani, takribani theluthi moja walikua salama, wenye uwezo na wenye kujali wenzao, na jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja waliyemtegemea. Huo ndio ustahimilivu. Kujikaza peke yako ni jambo jingine kabisa.

Niongeze kwamba si lazima mtu huyo awe mtaalamu. Hapa Kenya, Taasisi ya Shamiri iliwafundisha vijana wa miaka 18 hadi 22 kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari, saa moja kwa wiki kwa wiki nne, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Kijana wa Unguja

Shikamooni wakubwa. Mimi neno "sonona" nililisikia kwanza kwenye semina ya vijana, nikalidhani ni neno jipya la kitabibu. Nilipomsomea bibi karatasi ya semina, akaniambia, "Mbona hilo twalijua? Moyo wasonona." Kisha akanisimulia jinsi alivyosonona mwaka mzima alipofiwa na mtoto wake wa kwanza. Sikuwahi kujua kwamba aliwahi kufiwa na mtoto.

Mwalimu wa Biolojia, Dodoma

Marahaba, kijana wangu. Mzazi mmoja ameniuliza pembeni kuhusu siri. Mimi huwaambia wanafunzi mapema, kabla hawajanieleza lolote, kwamba nitawatunzia siri zote isipokuwa za kutaka kujidhuru au za kudhuriwa na mtu. Yule mvulana aliijua kanuni hiyo aliponirudia wiki iliyofuata. Tulipiga pamoja 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, akazungumza yeye mwenyewe, nami nikakaa kando yake hadi alipomaliza.