Mtoto wa mahabusu asome shule ya nje, au mwalimu aingie ndani?

Wadau wa Arusha na Moshi, hili tulijadili bila kuoneana haya. Miji yetu yote miwili ina mahabusu ya watoto, chini ya Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo; akitiwa hatiani anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, na huko angalau ni shule. Anayebaki kwenye mataa ni huyu ambaye kesi yake bado. Upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, na ikiwa ni ya mauaji dhamana hakuna. Mtihani wa darasa la saba unampitia palepale.

Mimi nasema aende shule ya jirani asubuhi, arudi jioni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinataka hivyo inapowezekana, na cheti chake kisionyeshe kwamba alikuwa kizuizini. Semeni.

MZAZI, NGARENARO: Mkuu, una mtoto kwenye hiyo shule ya jirani? Ukisikia anakaa dawati moja na aliyeshtakiwa kuchoma mtu kisu, utalala? Mwalimu aingie ndani, yaishe.

MWALIMU, PASUA: Aingie afundishe nini, mzazi mwenzangu? Yupo wa darasa la nne, yupo wa kidato cha pili, yupo asiyejua hata kusoma, na wiki ijayo nusu yao wameshapata dhamana. Nimefundisha MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambako watoto walau ni walewale, na jasho lilinitoka.

Ila mleta mada naye kaona dawati tu. Mkuu wa shule atadai namba ya prem, yaani namba ya usajili ya mwanafunzi, na barua ya uhamisho. Mtoto kakamatiwa stendi, kwao Singida, nani atafuatilia? Bila usajili atavaa sare mwaka mzima na mtihani wa Septemba usimhusu.

MLETA MADA: Hoja hiyo naichukua, mwalimu. Basi siku anapopokelewa, afisa ustawi apige simu shule aliyotoka kabla jina halijafutwa. Na wewe wa Ngarenaro, aliyeshtakiwa kuiba simu akadhaminiwa na mjomba wake yuko darasani na mwanao sasa hivi. Aliyekosa mjomba ndiye tunayemwogopa?

MZAZI, NGARENARO: Wa simu sina neno naye. Wa kisu, niambieni kwanza nani anamsindikiza, na asiwe mtu wa sare, maana shule nzima itajua kabla ya kengele.