Familia ya Bweni: makaburi kabla ya bamvua (Pangani, 2061)

Shangazi Mwanaidi, 10:02: Asalaam aleikum. Narudia. Bamvua kubwa ni Jumamosi. Bahari imeshakula safu mbili za makaburi, inayofuata ni ya babu. Mchango 40,000 kila mtu, iingie kabla ya magharibi.

Shangazi Mwanaidi, 11:15: Tiki za bluu naziona. Mmesoma.

Kombo, 11:31: Shangazi, mchango kwa hela au kwa lita? Mie nimebakiwa na lita sita mpaka kampuni ifungue bomba 😂

Zuhura, 11:32: Sita? Tajiri wewe! Huku Hale tunapimiwa kwa kikombe.

Kombo, 11:32: Cha uji au cha kahawa?

Mama Tatu, 11:33: 😂😂

Shangazi Mwanaidi, 11:35: MAKABURI jamani! Kampuni ya hewa ukaa inatupa viwanja sita kule juu. Kodi ni ya kila mwaka. Ukikosa kulipa, wanapanda miti hapo hapo na hewa wanaiuza Ulaya.

Sudi Maskati, 16:48: Ndo naamka, huku kazi ni usiku tu, mchana chuma hakishikiki. Hilo shamba la juu si letu? Si ndiyo minazi ya babu?

Baba Nuru, 16:52: _Ujumbe huu umefutwa_

Sudi Maskati, 16:53: Umefuta nini, ami? Dole ulitia wewe, 2044. Leo tungezika kwetu bure.

Baba Nuru, 16:59: Minazi ilishakufa. Misitu ya Kilimanjaro iliungua, huko juu mto wakaumaliza kwa mabwawa na mashamba, bahari ikapanda mtoni, visima vikawa chumvi. Ada yako ya chuo ilitoka wapi?

Shangazi Mwanaidi, 17:00: Tusifike huko.

Sudi Maskati, 17:00: Tushafika.

Bi Mkubwa, 17:20: 🎤 0:58

Mama Tatu, 17:26: Kwa wasio na bando la sauti, Bi Mkubwa kasema: "Babu yangu alikuwa akilala chini ya mivinje ya Maziwe, kasa wanapanda kutaga. Mie nazaliwa, kisiwa kimekuwa fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni. Kile kilichukuliwa na bahari. Shamba tulilitoa sisi. Mume wangu hawi mpangaji. Mleteni uani kwangu. Na aliyeuza ndiye atakayechimba."

Baba Nuru, 18:03: Nimesikia, mama. Nitachimba.

Kombo, 18:04: Nitakuja na koleo na sururu, ami.

Shangazi Mwanaidi, 18:10: Sheikh kasema kuhamisha kwa dharura ya maji kunaruhusiwa. Ila uani panatosha kaburi moja. Hao watano wengine?

Shangazi Mwanaidi, 18:40: Watano wengine nauliza! Na waliotoa ni Zuhura na Mama Tatu tu.

Sudi Maskati, 19:05: Nitatuma ya watu watatu. Ya kodi ya kampuni situmi.

Hamisi Korogwe, 22:47: Shikamooni. Nilikuwa zamu mkongeni. Tunakutana lini?

Shangazi Mwanaidi, 22:48: Ijumaa asubuhi, kivuko kikiwashwa.

Mama Tatu, 22:55: Ijumaa ndiyo zamu yetu ya bomba. Nikiikosa, nangoja wiki nzima.