Mdogo wangu anapasuliwa moyo Mulago, mama anaogopa gesi ya usingizi. Naomba ushauri

Binti wa Busia
Asalaam aleikum, na habari za leo nyote. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Mdogo wangu ana miaka 19. Homa ya rumatiki ya utotoni imemharibia vali ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, imebana. Akichota maji dumu moja tu pumzi zinakata, na usiku analala ameegemea mito mitatu. Taasisi ya Moyo, pale Mulago, imempangia kubadilishiwa vali mwezi ujao. Pesa tumehangaika nazo, zimepatikana. Kilichobaki ni mama, hataki kumtolea baraka.

Mwaka 1998 kaka yake mama alilazwa hospitali moja, siitaji, kwa upasuaji wa ngiri. Aliingia kwa miguu yake. Walipomlaza usingizi taya likakaza, halifunguki, kisha mwili ukawaka moto. Muuguzi akatoka mbio kuulizia barafu. Mama ndiye aliyekwenda kwa wauza soda, akaibeba kwenye kanga, ikawa inamchuruzikia miguuni njia nzima. Mjomba hakufika jioni. Nyumbani ikabaki kauli moja: gesi ilimzidi.

Sasa wenye ujuzi niambieni. Kama gesi ilimuua mtu mzima wa afya, mwenye moyo mbovu itamwachaje?

Mkazi wa Mbale
Pole sana dada. Waombeni wampe gesi kidogo tu, nusu ya kawaida.

Afisa wa Usingizi, Arua
Ndugu wa Mbale, samahani, hapo hapana. Kipimo kikipungua mno mgonjwa anaweza kusikia na kukumbuka yanayofanyika. Na kwa alivyoeleza dada, shida ya mjomba huenda haikuwa wingi.

Binti, hiyo habari ya taya na joto nimeisoma mara mbili. Kuna hali ya kurithi ambayo misuli ikikutana na gesi za usingizi (halothani, isoflureni, sevoflureni) au na suksamethoniamu (suksa), ile sindano ya kulegeza misuli, inakaza na kuchoma nguvu bila breki. Joto linapanda, hewa chafu inajaa, potasiamu inapanda mpaka moyo unasimama. Hata kipimo cha kawaida kinaweza kuiamsha. Siwezi kusema kwa hakika ndiyo iliyompata, ila ningekuwa mimi ndiye ninayemlaza mdogo wako, ningetaka kuijua kabla sijagusa mashine. Mzazi mwenye nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na mtu kulazwa usingizi mara moja akaamka salama hakumwondoi kwenye hatari.

Mzee wa Bombo
Mwanangu, mimi nina swali pia. Wanasema moyo unasimamishwa na mashine inashika kazi. Mapafu hayapumui, sasa gesi inapitia wapi? Mgonjwa si ataamka?

Afisa wa Usingizi, Arua
Shikamoo mzee. Ile mashine ya moyo na mapafu ina sehemu ya kuitilia damu oksijeni. Chupa ya gesi ya usingizi hufungwa kwenye njia ya hewa inayoingia hapo, kwa hiyo dawa inaingia kwenye damu moja kwa moja. Ama tunaiacha gesi, tunatumia propofoli, dawa ya usingizi ya kudondoshwa mshipani kwa dripu.

Kwa moyo wenyewe, gesi hizi hulegeza mishipa na kushusha presha. Vali iliyobana haivumilii presha kuanguka wala moyo kwenda mbio, ndiyo maana tunaongeza polepole, huku mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mkono unatuonyesha presha kila pigo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019, wagonjwa 5,400 wa upasuaji wa mishipa ya moyo katika nchi 13, ulilinganisha gesi na dripu. Baada ya mwaka mmoja vifo vilikuwa asilimia 2.8 kwa gesi na 3.0 kwa dripu, yaani hakuna tofauti ya maana. Kwa hiyo dada, mdogo wako akinyimwa gesi hajapunjwa kitu. Wataisafisha mashine ya usingizi mabaki ya gesi, waondoe chupa zake zote, suksa isiguswe. Ulizeni pia kama dantroleni ipo, ndiyo dawa ya hali hiyo, na ni adimu huku kwetu.

Ila mwambieni daktari wa usingizi sasa, msingoje asubuhi ya upasuaji. Na aseme mama, yeye ndiye aliyeona.

Mama Hanifa, Jinja
Mkumbusheni na meno yanayolegea, na dawa za kuyeyusha damu kama anatumia. Sisi tuliulizwa yote hayo. Allah amfanyie wepesi.

Binti wa Busia
Tumerudi jana. Mama alisimulia mwenyewe, mpaka ile kanga. Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza, akauliza taya lilikaza kabla ya joto au baada. Kisha akaandika kwa wino mwekundu juu ya faili: hakuna gesi, hakuna suksa. Usingizi utakuwa wa dripu.

Usiku mama ameniuliza basi la kwanza la Kampala linaondoka saa ngapi.