Vitabu vya hadithi vya shule: vikae kabatini au viende nyumbani na watoto?

Mzazi, Mufindi

Kamwene wadau. Naleta jambo lililotugawa kwenye kamati ya shule, kijiji kimoja jirani na Mafinga, nipate mawazo yenu kabla ya kikao cha Jumamosi.

Shule yetu ya msingi ina kabati la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani mna vitabu vya hadithi, vile vyembamba vyenye picha. Baadhi vilikuja enzi za Tusome Pamoja, mradi uliofanya kazi mkoani Iringa kuanzia 2016 kukazia usomaji wa madarasa ya chini. Tulipohakiki mali ya shule nilivihesabu mwenyewe: 212. Nikafungua kimoja, kurasa zikalia kama noti mpya. Miaka yote hiyo, hata alama ya kidole hakina. Huku binti yangu wa darasa la tatu anasoma maandishi ya mfuko wa mbolea na kalenda ya mwaka juzi iliyobaki ukutani, maana kingine cha kusoma nyumbani hakuna.

Nilipendekeza kila Ijumaa mtoto aondoke na kitabu kimoja, Jumatatu akirudishe. Wanne tukakubali, watano wakakataa. Niwatendee haki waliokataa. Wanasema ni mali ya Serikali, imo kwenye leja, na ikipotea mwalimu mkuu ndiye anayeandika maelezo, siyo mimi. Wanasema pia majumbani kwetu karatasi haikai: itafungia karanga, itawashia moto, babu atasokotea tumbaku. Hapo hawajasingizia, babu wenyewe tunawajua. Lakini mmoja akaongeza: "Mtoto wa darasa la pili wa nini na hadithi? Kwanza ajue kusoma."

Hilo ndilo nililogoma kulimeza. Nieleze kwa nini. Binti yangu alikuwa ananisomea kitabu chake cha darasani vizuri kabisa, sauti juu, hakwami. Jioni moja nikagundua macho yake yako dirishani. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwekea kidole kwenye neno moja katikati ya mstari, "kikapu". Kimya. Kisha nikaona midomo inacheza: anaanza sentensi tangu mwanzo, anahesabu maneno kwa kidole hadi alifikie. Alikuwa amekariri ukurasa mzima kama wimbo wa mchakamchaka. Na asingefanyaje? Kitabu ni kile kile, darasani mwalimu anatamka wao wanaitikia, miezi inapita. Angepewa hadithi asiyoijua, asingekuwa na cha kukariri. Tena watoto wengi wa huku wanafika shule na Kihehe au Kibena cha bibi. Kiswahili cha kitabuni watakizoea wapi, kama siyo kwenye hadithi wanayoisoma bila kiboko pembeni?

Vitabu vitapotea, sikatai. Tukipoteza 20 kwa mwaka, baada ya miaka kumi kabati litakuwa karibu tupu. Tukivifungia, vitadumu miaka 50, wasomaji wake panya. Mimi naona kosa liko kwenye leja: tunakihesabu kitabu cha hadithi kama dawati. Kwa nini tusikihesabu kama chaki? Chaki ikiisha hakuna anayemwuliza mwalimu imekwenda wapi. Kamati iandike kwenye muhtasari kwamba vitabu vya hadithi vitachakaa na vingine kupotea, wajumbe wote wasaini, ili lawama isimwangukie mtu mmoja.

Karibuni, mnipinge pia.

Mwalimu, Rungwe

Salaam mzazi mwenzangu. Usituone walimu ni wachoyo wa vitabu. Mimi niliwahi kuvitoa. Huku kwetu mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, mtoto anatoka shule kajifunika jani la mgomba, kitabu kiko kwapani. Jumatatu kinarudi kimevimba kama andazi. Vingine havikurudi, 31 kwa hesabu yangu. Akaja mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akafungua leja, nikaandika maelezo kurasa tatu. Kuanzia siku hiyo ufunguo nalala nao.

Muhtasari wenu ni mzuri, lakini mkaguzi akija wajumbe wako shambani, mimi ndiye niliyepo ofisini.

Nikuambie ninachofanya sasa. Darasa langu ni watoto 94. Mwisho wa muhula nakusanya kurasa zilizobaki wazi kwenye madaftari, tunazishona kwa uzi wa magunia, jalada ni boksi la sabuni. Kila mtoto anaandika chake. Kijana mmoja, wa kukaa nyuma, haongei, aliandika siku ng'ombe wao alipotumbukia mtaroni na baba yake akamvuta hadi suruali ikachanika. Hicho kitabu kimesomwa mpaka jalada limetoka, kimenakiliwa mara nne. Na hakimo kwenye leja ya mtu yeyote! Kalamu nyekundu siigusishi humo. Makosa nayaandika kwenye daftari langu, nayafundisha ubaoni bila kumtaja mtu. Mzazi mmoja alikuja juu: kwa nini "ngombe" imeachwa bila kibainishi? Nikamwambia mwanao kaandika kurasa sita, muhula uliopita mistari mitatu ilimtoa jasho.

Anzeni na hivyo, kabati liacheni.

Mkazi wa Iringa mjini

Mbona maktaba ya mkoa ipo hapa? Waleteni watoto.

Mzazi, Mufindi

Ndugu yangu wa mjini, Mafinga hadi hapo ni zaidi ya kilomita 70. Mtoto wa darasa la tatu umlete kwa nauli ya nani, kila wiki?

Mwalimu, shikamoo, na asante. Hadithi ya suruali nimemsomea mke wangu, kacheka hadi chai ikamwagika. Vitabu vya uzi wa magunia nitavipeleka kikaoni, na boksi za sabuni dukani kwangu zipo. Ila sikubali viwe badala ya vile vya kabatini. Huyo kijana kaandika ya ng'ombe wao, sawa. Ya bahari atayaandika vipi, wakati hajaiona wala hajaisoma? Wetu wakiandika insha ni "hapo zamani za kale" na sungura, kwa sababu hiyo tu ndiyo waliyoisikia.

La mvua umenibana. Nailoni zilipigwa marufuku 2019, lakini viroba vya sembe vya kilo tano havikosekani. Kila mtoto aje na kimoja kilichooshwa, kitabu kikae humo.

Na la mkaguzi nalo umenibana, zaidi. Nimewaambia wajumbe daftari la kuazima lianze na jina langu mimi, binti yangu achukue cha kwanza, kikipotea nalipa. Mjumbe mmoja kati ya wale watano kaniuliza: kikirudi kimechanika kurasa mbili kwa kusomwa na watoto wa nyumba nzima, nalipa kitabu kizima, nusu, au nadai pongezi? Walimu mliomo humu, nyie mngeandika nini kwenye leja?