Setilaiti yasema mikoko yetu imekufa, nami nimeiona kwa macho yangu

BintiMtangawanda:
Hamjambo wenzangu. Niko Mtangawanda, kisiwa cha Pate, kwenye kikundi cha akina mama tunaotunza mikoko. Nimepewa kazi ya ramani, maana tunataka siku moja tufike walipofika wenzetu wa Gazi kule Kwale, wale wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 wanatunza hekta 117 na kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu wao unaihifadhi. Nikaingia Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti, ni bure kabisa, nikatoa picha mbili za setilaiti ya Sentinel-2: moja ya Februari 2019, nyingine ya Februari mwaka huu. Nikaweka kipimo cha ukijani, NDVI. Ukingo wote wa upande wa bahari uliokuwa kijani sasa ni kahawia! Nililia, sisemi uongo. Jana alasiri maji yalipokupwa nikaenda kwa mguu. Mililana, mikoko ya ukingo wa bahari, imesimama, majani mabichi, kaa wanapanda shinani. Sasa niamini kipi? Na mfadhili ameshaiona ile ramani, anauliza msitu umekwenda wapi.

MvuviMayungu:
Pole dada. Usifute kitu kwanza. Sidhani ni wingu, Februari ni kaskazi na anga huwa safi. Mimi huku Malindi natumia picha hizo hizo kufuatilia tope la mto Sabaki likiingia baharini, na kilichonitesa mwaka mzima ni maji. Sentinel-2 hupita pwani yetu mnamo saa nne na nusu asubuhi, siku zote saa hiyo hiyo. Maji ndiyo hayana saa moja. NDVI hulinganisha mwanga mwekundu na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Jani bichi huirudisha infraredi kwa wingi, maji huimeza. Pembezoni, ambako miti ni mifupi na imeachana, pikseli moja, kitone kimoja cha picha, ya mita 10 kwa 10 huchanganya majani na maji, na kipimo kinashuka hata kama mti ni mzima. Angalia maji yalikuwa wapi siku za picha zako.

NahodhaMstaafu:
Binti yangu, setilaiti naonyeshwa na wajukuu, lakini maji nayajua. Hapa Lamu siku za bamvua, maji makubwa, tarehe za mwezi mwandamo pili, tatu, na tena kumi na sita, kumi na saba, maji hujaa alfajiri na kupwa saa nne, saa tano asubuhi. Maji mafu, yaani maji madogo, mwezi nane na ishirini na tatu, ni kinyume chake: saa nne hiyo ndiyo yamejaa. Basi chombo hicho kikipita siku ya bamvua kitaona matope na miti, kikipita siku ya maji mafu kitaona bahari. Hesabu mwezi wa picha zako, uniambie.
Na mkipanda, mbele kabisa pawe pa mlilana. Nimeona vikundi wakichomeka mkoko wenyewe, ule wa aina ya Rhizophora, hapo kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota, na wimbi likaing'oa yote.

BintiMtangawanda:
Shikamoo baba nahodha. Nimehesabu. Ya 2019 ni mwezi tatu. Ya mwaka huu ni mwezi nane! Nimetafuta nyingine ya bamvua iliyofuata, nimeipata, ina wingu dogo tu upande wa Siyu. Ukingo wote umerudi kijani, ila doa moja karibu na mkondo, pikseli nne au tano. Hilo ni la kweli. Nilipita hapo jana nikakuta visiki, vimekatwa kwa shoka, utomvu haujakauka. Siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye ukingo, sikuvipiga hata picha.
Kesho nampelekea mfadhili picha mbili za bamvua, na tarehe ya mwezi nimeiandika pembeni ya kila moja. Lile doa silifichi. Jioni nakwenda tena na simu, nichukue vipimo vya GPS vya kila kisiki.