Mrejesho: mashine ya kukunjia bomba za bampa na keria, Mwanza

Wakuu, niliuliza nichukue ipi kati ya mashine ya jeki ya tani 12 na ile ya kuzungusha (inayovuta bomba kulizungushia umbo la kona), kwa bampa na keria za pikapu nyumbani. Nimechukua ya kuzungusha, na sababu ni kalibu, yaani kile chuma chenye mfereji ambamo bomba hukaa likikunjwa.

Kalibu za ile ya jeki huchongwa kwa bomba la maji. Bomba la maji la inchi 1½ lina milimita 48.3 kwa nje. La fremu, ambalo ndilo la bampa na keria, la inchi 1½ ni 38.1 tu. Kwenye kalibu ya bomba la maji linacheza kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba, na jeki ikisukuma katikati, kona inatoka bapa.

Kalibu niliyochukua ni ya 38.1, nusu kipenyo cha kona ni milimita 114 hadi katikati ya bomba, yaani kama mara tatu ya kipenyo cha bomba. Ukuta wa milimita 2.5 unatoka safi. Mshono wa bomba (mstari lilipounganishwa kiwandani) ukae ubavuni, si mgongoni wala tumboni mwa kona. Bomba hurudi kidogo likiachiwa: ukitaka digrii 90, pitisha digrii mbili tatu, na ujaribu kwenye kipande kwanza.

Aliyeshauri kujaza mchanga ndani ya bomba kabla ya kulikunja, lisibonyee: sawa kwa ukuta mwembamba, ila wa ziwani ukaangwe hadi ukauke kabisa. Ukiwa mbichi ndani ya bomba lililozibwa, ukilipasha moto mvuke unafyatua vizibo. Hiyo ni hatari.

Gharama iko kwenye kalibu, kila kipenyo na yake, kwa hiyo bampa na keria vyote vitatoka kwenye 38.1.